Shangazi wa Kwenye Rafu

Kosa la Tusekile lilianzia kliniki, siku ambayo mwanawe alikuwa na miaka tisa na miguu yake, alipoketi kwenye benchi, ilikuwa bado haigusi sakafu. Nesi aliweka kisanduku cheupe mezani, akakiminya ubavuni, taa ya kijani ikawaka. Akamwinamia mtoto.

"Haya, mrembo. Kiambie kisanduku jina lako."

"Anaitwa Subilaga," Tusekile akajibu.

"Unasoma darasa la ngapi?"

"Yuko la tatu. Akili anazo, ila ana aibu huyu."

"Na leo umeamkaje?"

Mtoto akafungua mdomo. Mama akamuwahi.

"Ameamka salama, sista. Tunamshukuru Mungu."

Nani wa kumlaumu? Hata wewe mama mwenzangu umeshafanya hivyo. Daktari anamwuliza mtoto panapomuuma, wewe unaonyesha tumbo. Nesi mwenyewe alicheka, akasema yatosha, kisanduku kimeshaishika sauti. Kumbe kilikuwa kimeshika sauti mbili kikazifanya moja, na hakuna aliyegundua, maana hata kwenye simu watu waliwachanganya mama na binti.

Siku hiyohiyo Subilaga alibandikwa kifungo kwenye mkono wa juu, kidogo kama sarafu. Kila baada ya dakika tano kifungo kilipima sukari mwilini, ikipanda kikasukuma insulini chenyewe, tik, bila sindano ya kujichoma. Sindano zenyewe zilikuwa zimeshaondolewa madukani. Kisanduku nacho kilikwenda nyumbani Tukuyu kule mteremkoni, kikawekwa kwenye rafu ya jikoni, kati ya kopo la chumvi na redio. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na mgonjwa kila asubuhi kwa dakika moja. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba mtu wa sukari akikata tamaa sukari nayo huvurugika, hata dawa iwe sahihi kiasi gani. Na kwa kuwa kukata tamaa hakupimwi kwenye damu, wakaamua kuipima hali hiyo kwenye sauti. Watu wakakiita Shangazi, kwa sababu tangu zamani msichana akiwa na lake la moyoni humpelekea shangazi yake.

Subilaga alizungumza na Shangazi miaka mitano. Alipofika miaka kumi na minne akanyamaza.

"Shangazi anakusubiri, Subi," mama yake alimwambia asubuhi moja, mvua ikipiga bati kama kawaida ya Tukuyu. "Zungumza naye uende shule."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie umeamka vizuri."

"Sijaamka vizuri. Nimechoka."

"Basi mwambie kilichokusibu."

"Nikimwambia watanipeleka alikopelekwa Lugano."

Lugano, binti wa jirani, naye alikuwa na kifungo. Alimwambia Shangazi wake ukweli siku tatu mfululizo, gari likaja kumchukua, akakaa wiki tatu kwenye Nyumba ya Utulivu. Alirudi amenawiri, anasalimia kila mtu njiani. Lakini yeye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya sasa husimama mstari wa nyuma, anafungua mdomo wenzake wanapofungua na kuufunga wanapofunga.

Na asiyezungumza kabisa siku tatu, gari lilimfuata vilevile.

"Unachoka na nini, mwanangu? Kifungo kinafanya kila kitu. Bibi yako alijichoma mara nne kwa siku na maji ya kuoga alijitekea mwenyewe."

"Kuhesabiwa, Mama. Nikila ndizi kinajua. Nikikimbia kinajua. Kikilia darasani wote wananigeukia, mwalimu anaacha kufundisha ananiuliza kama niko sawa. Sina hata dakika moja ambayo mimi ni Subi tu. Nimechoka. Siumwi. Nimechoka."

Hapo ndipo mama angevuta kigoda akakaa. Alikuwa na dakika kumi kabla ya kwenda kazini, na kigoda kilikuwa pale pale. Badala yake akasema, "Nenda ukaoge, utachelewa," na binti alipotoka akaikaribia rafu, akalainisha koo.

"Shikamoo Shangazi. Mimi Subilaga. Nimeamka salama. Nimeota niko shambani kwa bibi, tunavuna maparachichi..."

Taa ikabaki kijani. "Ndaga, asante, mwanangu," Shangazi akasema. "Siku njema."

Ilikuwa rahisi hivyo. Tusekile akaendelea hivyo Februari, Machi, Aprili na Mei.

Kazi yake ilikuwa kupima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, pale ambapo kigari kisicho na dereva hupita saa mbili kamili kuzoa mapipa. Kila anayeleta maziwa humiminiwa kiasi kwenye bomba la kioo, kipimo kinatumbukizwa, kinaelea. Kikizama kuliko mstari mwekundu, maziwa yana maji. Wajanja walijua dawa yake: ukishatia maji tia na sukari kidogo, uzito unarudi, kipimo kinaelea vizuri na kinasema uongo bila kujua.

Siku moja mwezi huo wa Mei alikuja Mzee Ambokile na ndoo yake, kofia imeinamishwa usoni. Kipimo kikaelea kwenye mstari, sawasawa kabisa. Tusekile akachovya kidole, akalamba.

"Mzee, ng'ombe wako siku hizi anakunywa chai?"

Foleni ikacheka.

"Kipimo kimesema nini?" Ambokile akauliza.

"Kipimo kimesema mazuri. Mimi nasema rudi nayo nyumbani."

"Kwa hiyo ulimi wako unashinda mtambo wa serikali. Basi waung'oe wakuweke wewe pale mezani."

"Mama mwenye mtoto wa sukari hadanganywi sukari, baba. Pisha wenzako."

Ambokile alibeba ndoo yake huku watu wakimzomea kwa utani. Tusekile alicheka nao, halafu akaona kicheko kinamkwama. Miezi minne sasa alikuwa akimnywesha Shangazi maziwa yaliyotiwa maji, na juu yake sukari, na hakukuwa na mtu wa kuchovya kidole.

Juni ikaja na kifungo kipya. Sista Gwantwa, nesi wa kliniki, alikibandika mwenyewe. Kilikuwa na vyumba viwili: kimoja cha insulini, cha pili cha maji ya utulivu. Zamani, kabla ya Shangazi, sista huyu alikuwa na chumba chake cha maongezi. Kila Alhamisi watoto wa sukari walikaa humo kwenye mkeka, wakasema yaliyowachosha, wengine wakalia, wengine wakawacheka waliolia, wakanywa uji wakaondoka. Sasa chumba kile kilijaa makasha ya vifungo mpaka darini.

"Shangazi akisikia huzuni kwenye sauti, anaruhusu tone," Sista Gwantwa alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. "Huzuni ikizidi, anapandisha dozi ngazi moja. Hakuna tena kupelekwa Nyumba ya Utulivu. Utulivu unamfuata mtoto nyumbani. Weka dole gumba hapa, Mama Subi."

Hakuna tena kupelekwa. Tusekile alisikia maneno hayo tu. Akaweka dole gumba.

Wiki mbili baadaye, akikunja nguo za shule za binti yake, daftari la hesabu lilianguka likafunguka ukurasa wa nyuma. Palikuwa na mstari mmoja kwa penseli: *Natamani nilale siku moja nisiamshwe na kitu chochote.*

Aliusoma mpaka herufi zikaanza kutembea. Huenda mtoto alimaanisha kelele za kifungo tu. Huenda alimaanisha jingine. Njia ya kujua ilikuwa moja, kumwuliza, na Tusekile aliogopa jibu kuliko alivyowahi kuogopa kitu. Akarudisha daftari kwenye begi. Tangu siku hiyo akawa hafungi mlango wa chumba cha binti, mtoto akikaa msalani anamwita jina, kisu cha jikoni anakificha nyuma ya unga.

Na kila asubuhi, kama kawaida, alisimama mbele ya rafu akasema ameamka salama.

Maneno yalikuwa yaleyale, lakini Shangazi hakuwa anasikiliza maneno. Alisikiliza kilicho chini ya maneno: pumzi inavyokatika, koo linavyokaza, neno linavyochelewa. Taa ikageuka njano. "Pole, mwanangu," Shangazi akasema. "Utajisikia nafuu." Chumbani, mkononi mwa binti aliyekuwa akifunga viatu, kifungo kikalia tik.

Mwanzoni Tusekile alishukuru. Subi alianza kula bila kubishana. Alikaa sebuleni na watu. Kifungo kikilia hakushtuka. Sukari ikawa imenyooka kama mstari wa rula, mpaka wakatumiwa ujumbe wa pongezi.

Kisha ndama akafa.

Alikuwa ndama jike ambaye mama yake alikufa akimzaa, na Subi ndiye aliyemlea kwa chupa tangu Januari, akampa jina Zabibu, akamfundisha kumfuata mpaka kisimani. Ugonjwa ulimpiga kwa siku mbili. Tusekile alimkuta amenyooka zizini, akasimama mlangoni anatafuta namna ya kumwambia mtoto. Subi akatokea nyuma yake, akatazama.

"Amekufa," akasema.

"Pole, mama yangu. Njoo."

"Haya. Tumfukie wapi?"

Alichukua jembe. Alichimba vizuri, kona zote sawa, akapangusa udongo miguuni, akauliza kama chai iko tayari. Tusekile alimshika uso kwa viganja viwili, akamtazama machoni kama mtu anayechungulia dirisha la nyumba iliyohamwa.

"Subi. Huna uchungu?"

Binti alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa alikoweka funguo. "Najua ningekuwa nao," akasema.

Kesho yake hofu ya mama ikawa mara mbili, sauti ikatetemeka mara mbili, taa ikawa ya rangi ya chungwa. Tik, tik. Kesho kutwa zaidi. Ndipo akaamua kufanya lililompasa tangu Februari: akamsimamisha binti mwenyewe mbele ya rafu.

"Sema naye. Sema lolote, hata ukimtukana."

"Shikamoo Shangazi," Subi akasema, sauti imelala kama maji ya mtungini. "Mimi Subilaga. Nimeamka."

"Sauti hii siifahamu," Shangazi akasema kwa upole. "Tafadhali, naomba mniitie Subilaga."

Tusekile hakusubiri siku ya kliniki. Alimwacha mtu kituoni, akashuka na mvua yote. Sista Gwantwa alimkuta amesimama mlangoni analowesha sakafu, akamvuta ndani, akafungua skrini bila kuulizwa.

"Nilikuwa nikutafute, Mama Subi. Tazama grafu hii. Huku Februari mpaka Mei mtoto ana furaha, ana ndoto za maparachichi. Katikati ya Juni sauti inaporomoka. Ina hofu. Sijawahi kuona mtoto mwenye hofu ya namna hii. Yuko ngazi ya tano sasa, na ngazi ziko sita." Akamgeukia. "Mtoto anaogopa nini hivyo?"

Tusekile aliitazama ile milima na mabonde kwenye kioo. Alijua kila bonde. Hili ni la daftari. Hili ni la kisu. Lile la mwisho, refu kuliko yote, ni la Zabibu.

"Si mtoto," akasema. "Ni mimi."

Akaeleza yote, kuanzia kwenye benchi. Sista Gwantwa alisikiliza, mkono mdomoni, kisha akainuka akafunga mlango.

"Kwa hiyo dawa ya hofu yako anakunywa yeye."

"Ishushe, sista. Nakuomba. Iondoe."

"Funguo sina. Zamani nilikuwa nazo, wakasema sisi watu tunasahau. Inashuka yenyewe: asubuhi thelathini za sauti njema mfululizo, ngazi moja. Ukiharibu moja, unaanza upya."

"Nikikibandua?"

"Insulini inatoka kwenye tundu hilohilo, Mama Subi. Ukikibandua Jumatatu, Jumatano tunamzungumzia mengine."

"Basi niseme ukweli. Nitawaambia wakubwa wako sauti ni yangu."

"Sema, ni haki yako. Wataifuta sauti ya zamani na Shangazi ataanza kujifunza upya, kwa sauti aliyonayo mtoto leo. Hii ya ngazi ya tano." Aliongea polepole, kama anayepima kila neno kabla ya kulitoa. "Hiyo ndiyo itakayoandikwa kuwa hali yake ya kawaida. Akianza kulia siku moja kama watoto wengine, Shangazi atasema amepotoka, atamrudisha hapo. Mpaka uzee."

Mvua ilikuwa imekatika. Nje mama mmoja alikuwa akimwambia mtoto wake, nyamaza, mimi nitamweleza daktari.

"Kwa hiyo niwe na furaha," Tusekile akasema.

"Uwe nayo kweli. Ya kuigiza anaijua, umeona."

"Mwanangu amekuwa kama kiti, na mimi niwe na furaha ya kweli."

"Asubuhi mia moja na hamsini." Sista Gwantwa aligeukia upande wa chumba cha maongezi kilichojaa makasha, ng'ambo ya korido. "Na ukifanikiwa, mama, atakurudia na ule uchovu wake wote. Hapo umlete kwangu. Mkeka ninao nyumbani. Kazini hawaruhusu, lakini ninao."

Tusekile akajaribu. Alijaribu kila kitu ambacho mtu aliyeogopa anaweza kujaribu. Aliamka akaimba. Alikumbuka harusi yake, akakumbuka siku Subi alipotembea hatua ya kwanza akaangukia beseni la unga. Kituoni walimwona akicheka peke yake kati ya mapipa, Mzee Ambokile akauliza kama safari hii ni Tusekile aliyekunywa chai ya ng'ombe wake. Mara ya kwanza alifika asubuhi ya kumi na moja, akavunjika kwa sababu Subi alimshukuru kwa uji kwa sauti ya karani. Mara ya pili alifika ishirini na mbili. Lugano alipita uchochoroni, wasichana wawili wakasalimiana kwa tabasamu moja, na kesho yake taa ikageuka njano kwenye neno la pili.

Mara ya tatu alifika ishirini na tisa.

Asubuhi ya thelathini ilikuwa kavu, jambo la nadra. Alikuwa amelala vizuri. Jua liliingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Subi alikaa kwenye kigoda, kikombe cha uji mkononi, anatazama ukuta. Ngazi moja tu, Tusekile alijiambia. Kutoka ya tano hadi ya nne, labda atachukia kitu leo, labda atakataa uji.

"Shikamoo Shangazi. Mimi Subilaga. Nimeamka salama," akasema, na ilikuwa karibu kuwa kweli. Taa kijani. Akasimulia maparachichi. Kijani. Zilibaki sekunde ishirini, akavuta pumzi.

"Mama," Subi akasema kutoka kwenye kigoda. "Na wewe umeamkaje?"

Hakukuwa na uchungu ndani yake, wala udadisi. Huenda lilikuwa neno la adabu tu, la kujaza kimya. Lakini tangu siku ya benchi, miaka mitano na nusu, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza, na aliyemwuliza ndiye peke yake aliyetaka kumwambia. Yote yalimjaa kifuani kwa mpigo, yakapanda. Rafuni, Shangazi alikuwa bado anasikiliza.

Tusekile akashika ukingo wa meza.

"Nimeamka salama, mwanangu," akasema.

Taa ikageuka njano. Ikapita njano, ikawa nyekundu, rangi ambayo hawakuwahi kuiona.

"Pole, mwanangu," Shangazi akasema. "Utajisikia nafuu."

Tik, kikalia kifungo mkononi mwa Subilaga. Binti akasubiri kidogo mpaka dawa imwingie, akameza uji uliokuwa mdomoni, akaitikia alivyofundishwa.

"Tunamshukuru Mungu."